Jumapili Uliyomwomba Élisabeth Radhi

Mwalimu Yeremia Ntawigira
Mzaliwa wa Heru Juu, Kasulu. Mtumishi wa Kalobeyei, Turkana.

Baba,

Mwaka umetimia tangu Mama atupigie simu asubuhi ile kutoka Kakuma, akasema maneno matatu tu, "Baba yenu amelala." Tukamwuliza amelala vipi saa hizi wakati kumekucha. Hakujibu, na hapo tukaelewa.

Wanaokukumbuka huku Kasulu wanakukumbuka kama mwalimu wa shule ya msingi. Ulisimama mbele ya ubao miaka thelathini na minne, ukastaafu, ukapumzika mwaka mmoja, kisha ukapanda basi na Mama na masanduku mawili kwenda Turkana, Kenya, kuhudumia kanisa la wakimbizi la Kalobeyei, jirani na Kakuma. Ndugu walisema mmechanganyikiwa, watu wenye wajukuu kwenda kuanza maisha kwenye jua lile. Wewe ulijibu kwamba Warundi walioko kule wanaelewa Kiha, na Kiha unacho tayari, basi atafutwe nani mwingine.

Mlikaa miaka sita. Tunajua ulivyokuwa ukibeba dumu lako la maji mwenyewe kutoka bombani, akina mama wakikucheka. Tunajua uliwafundisha makatekista kwa kalamu nyekundu, na kwamba mmoja alikuandikia barua ya kuomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yake, ukampa ruhusa na barua ukamrudishia ikiwa na masahihisho saba. Hukula hata siku moja kabla Mama hajakaa mezani.

Tungeweza kuishia hapo. Mama amekataa. Anasema mwaka mzima watu wamekuja kumsifia mume ambaye ni nusu ya yule aliyeishi naye, na kwamba jambo kubwa kuliko yote uliyofanya ulilifanya ukitetemeka, kwa sababu ya kosa lako mwenyewe. Basi tunaliandika kama alivyotusimulia. Waliotajwa kwa majina wameturuhusu.

Miezi miwili kabla ya kifo chako, binti wa Kirundi aitwaye Elyse, mwenye miaka kumi na saba, alipotea Kalobeyei. Alikuwa yatima, akilelewa na baba yake mdogo, na huyo baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa lenu. Jioni nyingi Elyse alishinda kwa Élisabeth, mama Mkongo mwenye cherehani, aliyeongoza kwaya na kuwafundisha wanawake kusoma. Binti alipopotea, baba mdogo alisimama kanisani akasema Élisabeth amemuuza kwa madereva wa malori.

Ulimwita Élisabeth ukamwuliza. Alisema, "Sina la kusema, Mwalimu." Ukauchukua ukimya wake kuwa ndilo jibu. Jumapili iliyofuata ulimwondoa kwenye kwaya na kwenye darasa la wanawake, mbele ya watu wote. Mama alikuwa amekaa benchi la mbele. Moyoni hakuamini kwamba Élisabeth anaweza kumuuza mtoto wa mtu. Alinyamaza, kwa sababu wewe ndiye uliyesimama, na hakuzoea kukupinga mbele za watu.

Tangu siku ile wateja walikatika kwenye cherehani ya Élisabeth. Watoto wake walizomewa bombani. Yeye hakuacha kuja kanisani. Alihamia benchi la nyuma, karibu na mlango.

Wiki yako ya mwisho ilianza kama nyingine. Jumatatu ulifundisha makatekista, na Mama alifundisha lile darasa la kusoma ambalo sasa lilikuwa lake. Wanawake walikuja wachache. Wakati wa kurudi alikutana na Élisabeth bombani. Élisabeth alimwamkia kwa heshima, kama siku zote. Mama aliitikia huku akiangalia dumu lake, akaondoka haraka. Jumanne upepo ulivuma mchana kutwa mkabaki ndani, mchanga ukigonga mabati, nawe ukalalamika kichwa. Mama alipokupima kwa kile kipimo chenu cha mkononi, presha ilikuwa imepanda. Mkaamua kesho yake mwende hospitali, mjini Lodwar.

Aliyewapeleka ni Emuria, dereva wa gari la kanisa, Mturkana mwenye makamo ambaye alikuwa haongei sana. Hospitalini daktari alikupima mara mbili. Alitaka kukulaza, ukakataa. Akakubadilishia dawa, kisha akamwita Mama pembeni.

"Mama, huyu mzee asipewe mawazo. Asibishane na mtu. Kama mna kwenu, mpeleke apumzike mapema."

Mama alidhani hukusikia.

Mlipotoka hapo ilikuwa saa ya chakula. Kwa kawaida mlikula mahali pamoja, karibu na soko. Siku hiyo Emuria alipita hapo bila kusimama.

"Mwalimu, leo mimi ndio nachagua hoteli," alisema.

Aliwapeleka kwenye hoteli ndogo ya dada yake, Akiru, chini ya mikoma upande wa laga, ule mto mkavu. Akiru aliwasalimia, ejok, ejok, akawaonyesha meza, akamwangalia kaka yake kwa wasiwasi. Kisha msichana akaja na chai kwenye sinia. Alipowaona alisimama. Alikuwa Elyse.

Aligeuka kurudi jikoni, lakini ulishamwita kwa Kiha, taratibu, kama ulivyokuwa ukiwaita watoto wa darasa la kwanza waliojikojolea. Akarudi. Akaweka sinia mezani, akasema, "Mwalimu, nakuomba usimwambie baba mdogo."

Alisimulia akiwa amesimama, mikono kwenye aproni. Baba mdogo alikuwa amemwahidi kwa mfanyabiashara mmoja mwenye umri wa kumzaa. Siku ya ndoa ilishapangwa. Élisabeth alipojua, alimwomba Emuria ambebe mpaka Lodwar kwa Akiru, na wote wanne wakakubaliana kufunga midomo mpaka binti atimize miaka kumi na minane.

"Sasa kwa nini Élisabeth hakuniambia mimi?" uliuliza.

Elyse hakukuangalia wewe. Alimwangalia Mama. "Alisema baba mdogo anakula kwenu kila Jumapili."

Hakuna aliyegusa chai. Emuria alisogeza sinia pembeni. "Mimi ndio nilibeba huyu mtoto. Mama Élisabeth aliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Lakini kila Jumapili nakaa pale naona nyinyi mnaangalia yule mama kama takataka. Nimechoka, Mwalimu."

Kisha mkaanza safari ya kurudi Kakuma. Uliangalia dirishani, milima ikipita na ngamia wakipita, na mara moja tu ukatoa miwani ukaifuta, ukairudisha.

Alhamisi asubuhi ulimwambia Mama umeamua. Utakwenda nyumbani kwa Élisabeth, umwombe radhi, mambo yaishe kimya kimya.

"Kimya kimya?" Mama aliuliza.

"Kwa utulivu. Mtoto asije akadhurika."

"Mtoto hatatajwa. Lakini huyu mama ulimwondoa mbele ya watu, Yeremia. Utamrudisha mbele ya watu."

Ulikaa kitako kitandani. "Perusi, nilimsikia daktari."

"Hata mimi nilimsikia," Mama alijibu.

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomtesa Mama mwaka huu wote. Anasema aliona kabisa jinsi mshipa ulivyokuwa ukipiga shingoni mwako. Angeweza kusema basi, mume wangu, pumzika, tutalitazama likizo ikifika. Hakusema. Alikuwa akifikiria Élisabeth pale bombani, anavyomwamkia mtu asiyestahili kuamkiwa.

Ijumaa mlikwenda. Élisabeth alikuwa mlangoni kwake, kwenye cherehani, akirekebisha sare ya mtoto wake. Hakuwakaribisha ndani, ila alitoa vigoda viwili. Ulimwambia mmemwona Elyse, mnajua yote, na umekuja kumwomba msamaha.

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Mulinitoa mbele ya bantu, Mwalimu. Miye nilikuwa najua kwa nini nanyamaza. Weye ulikuwa unajua kwa nini unasema?"

Ulimwambia Jumapili utasimama. Hapo ndipo alipokasirika kweli, ingawa hakupaza sauti.

"Mtoto musimutaje. Kama munataka kunisafisha kwa jina ya ule mtoto, muniache muchafu."

"Hatutamtaja," ulisema.

Mama akaona asipoongea sasa hataongea tena. "Élisabeth, mimi nami nilikosa. Nilikaa pale mbele nikanyamaza."

"Najua, Mama," Élisabeth alisema. "Ulivaa ile nguo nilikushonea."

Kutoka pale Mama hakurudi nyumbani nawe. Alipitia kwa dada mmoja anayeshughulikia haki za watoto pale makazini, mtu anayemwamini, akafunga mlango, akamweleza habari za Elyse ili binti apate ulinzi wa kisheria, asiutegemee ukimya wa watu wanne tu. Hilo nalo tunaliandika, Baba, kwa sababu hukulijua mpaka jioni, na ulipoambiwa ulisema, "Ulipaswa kuwa wewe mwalimu mkuu."

Jumamosi wazee wa kanisa walikuja, wanne. Baba mdogo wa Elyse alikaa kwenye kiti chake cha kila Jumapili.

"Mwalimu, tumesikia ulikwenda Lodwar."

"Nilikwenda kupima presha."

"Na kesho utafundisha nini?"

"Kosa langu."

"Kosa gani?"

"Utalisikia pamoja na wenzako."

Mzee mwingine alijaribu kukuonya kwa upole. Kanisa lina Warundi na Wakongo na Wasudani, alisema, ukitikisa nguzo moja paa lote linakuja chini. Baba mdogo yeye hakuwa na upole. Alisema ikibidi wataandika kwa waliowatuma, waseme mmezeeka, mrudishwe Tanzania. Ulimwambia aandike, ila awe mwangalifu na herufi kubwa. Mzee mmoja alicheka, akajikohoza.

Walipoondoka ulijimiminia chai, na birika likagongagonga kikombe. Mama aliuona mkono wako. Neno "acha" lilimfika kinywani. Alilimeza, akakushika mkono wa kumiminia, mkamimina pamoja.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana habari zilishatembea. Hukupanda kwenye madhabahu. Baada ya sala ya kwanza ulishuka kati ya mabenchi, ukatembea mpaka nyuma, mlangoni, alipokuwa amekaa Élisabeth na watoto wake, ukasimama hapo. Watu wote wakalazimika kugeuka. Aliyekuwa mbele akawa nyuma.

Mama ameyashika maneno yako. Ulisema: "Ndugu zangu, miezi miwili iliyopita nilimhukumu mama huyu. Sikuwa na ushahidi. Nilisikia upande mmoja nikauamini, kwa sababu ulikuwa karibu na sahani yangu. Nimewafundisha watoto miaka thelathini na minne wasijibu kabla ya kulisoma swali. Mimi nilijibu. Mama huyu hana kosa lolote, mimi ndiye mwenye kosa. Élisabeth, nakuomba radhi mbele ya hawa niliokuaibisha mbele yao."

Baba mdogo alisimama. "Kama hana kosa, mtoto yuko wapi?"

"Sitajibu hilo."

"Unajua alipo?"

"Sitajibu."

Kelele zikaanza. Kuna waliosema Mwalimu amelishwa kitu. Kuna waliosema kama anajua na hasemi, basi wameshirikiana. Baba mdogo alitoka na ukoo wake, na wengine wakawafuata, mpaka kanisa likabaki na mapengo. Wewe hukusogea. Ulikuwa ukimsubiri Élisabeth.

Alisimama akajifunga kitenge vizuri. Akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Akakaa.

Hicho tu ndicho ulichopata. Ulirudi mbele polepole, ukaanzisha wimbo, na waliobaki, wasiofika arobaini, wakaimba.

Mchana ulikula vizuri. Mama alishangaa ulivyoomba kuongezewa maharage. Kisha ukamwuliza, "Perusi, unadhani amenisamehe?"

Mama hakutaka kukudanganya. "Amesema amesikia."

"Ndiyo," ulisema. "Amesema amesikia."

Jumatatu ulitoka nje na kiti ili uvae viatu uende darasani. Ulisema huenda watakuja makatekista wawili tu, lakini wawili nao ni darasa. Mama aliingia kukuletea uji. Aliporudi ulikuwa umevaa kiatu kimoja na umeinamia kingine. Alikuita mara mbili. Emuria alifika mbio na gari, wakakupakia, wakakimbia hospitalini, lakini Mama anasema alijua kabla gari halijawashwa.

Tulikuleta nyumbani tukakuzika Heru Juu, kando ya babu na bibi. Huko nyuma Kalobeyei, kwa siku tatu kabla ya safari, nyumba yenu ilijaa watu, na jikoni alikuwa Élisabeth. Alipika, akaosha masufuria, akawapangia wageni pa kulala. Siku ya pili Mama alimfuata penye moto akamwuliza, kwa sababu swali lilikuwa lako na wewe hungeweza tena kuliuliza, "Umemsamehe?"

"Mama, leo usiniulize," Élisabeth alijibu, akaendelea kusonga ugali.

Na Mama akarudi Kasulu na kidonda hicho. Hosea, mwanao wa kwanza, alikiongezea chumvi. Wiki moja baada ya mazishi alimwuliza mbele yetu sote, "Mama, daktari alikwambia asipewe mawazo. Kwa nini ulimwacha asimame?" Mama aliinuka akaingia chumbani. Miezi mingi alikuwa akikaa barazani na kikapu cha mboga mapajani bila kuchambua hata jani moja. Ukimsogelea anasema, "Mimi ndiye niliyemsukuma." Tulimwambia mapenzi ya Mungu, tukamwambia umri, tukamwambia presha. Hakuna lililomwingia. Tulikuwa tunamfariji kwa jambo tusilolijua.

Sikukuu ya Pasaka ndipo alipotusimulia wiki hii yote, tangu Jumatatu mpaka Jumatatu. Alisimulia mchana mzima. Alipomaliza, Hosea alitoka akazunguka nyumba, akarudi akapiga magoti. "Mama, angebaki kitandani angekufa na Élisabeth yuko benchi la nyuma," alisema. "Nisamehe nilivyokusemesha." Mama alimwekea mkono kichwani. Hakusema amepona. Ila jioni ile alichambua mboga.

Elyse ametimiza miaka kumi na minane, hayuko tena Lodwar, na anasoma. Ametuandikia kwamba bado anaota ile hoteli, anaota amesimama na sinia na hajui aende wapi, lakini ndoto zimepungua. Kwaya ya Kalobeyei inaongozwa na Élisabeth. Waliotoka Jumapili ile wengine wamerudi, wengine wana kanisa lao upande wa pili wa barabara. Habari za baba mdogo hatuna la kuandika.

Wiki iliyopita Élisabeth alimtumia Mama ujumbe wa sauti. Tumeusikiliza wote, na tunauandika alivyousema:

"Mama Perusi, nasikia munaandika kumbukumbu ya Mwalimu. Muandike na jina yangu. Lakini musiandike kama nilimusamehe siku ile, juu sikumusamehe. Nilikuja kupika juu yako weye. Nilimusamehe mwezi wa tatu. Nilikuwa nafua nguo, peke yangu, nikamufikiria, nikaona ile hasira haiko. Nikasema ngoja nipite kwake nimwambie. Nilikuwa nimeshavaa viatu, ndio nikakumbuka amekufa."

Baba, jibu la swali lako ndilo hilo. Limechelewa, lakini limekuja lenyewe, bila kulazimishwa, na Mama amelisikia kwa niaba yako.

Unakumbukwa na mkeo, Perusi. Na wanao Hosea, Naomi na Gideoni, wakwe zako, na wajukuu zako saba, pamoja na yule aliyezaliwa Agosti ambaye tumempa jina lako. Na dada yako Marita wa Heru Juu. Na Emuria na Akiru, Lodwar. Na Elyse. Na Élisabeth, kwa ombi lake mwenyewe.

Siku zote tutakukumbuka, Mwalimu, na kosa lako tukilikumbuka, na Jumapili ile uliyotembea mpaka benchi la nyuma.